Tujue Jina la Bakteria Kabla ya Kununua



Siku hizi katika maduka ya dawa za mifugo tunaona paketi za unga wa kuchanganya na lishe ya ng'ombe au kuku. Wataalamu huuita probayotiki. Ndani mna bakteria hai wanaotarajiwa kusaidia tumbo la mnyama. Swali letu leo ni hili: kabla ya kutoa pesa za kikundi, tunajua ni bakteria gani tunayemnunua?

Bakteria hawa si wageni kwetu. Mursik ndani ya kibuyu hugandishwa na wao. Mwaka 2004 wataalamu walichapisha uchunguzi wa kule naoto, maziwa lala ya Wamaasai. Aliyepatikana kwa wingi zaidi aliitwa Lactobacillus plantarum. Bakteria wa jina hilo hilo huuzwa kwa kutengenezea sileji. Lakini mwaka 2020 ukoo mkubwa wa Lactobacillus uligawanywa kuwa koo 25, na huyu sasa anaitwa Lactiplantibacillus plantarum. Kwa hivyo, ukiona paketi mbili zina majina hayo mawili, usidhani umedanganywa.

Bakteria anatambuliwaje? Kwa darubini wengi hufanana, kama vile mbegu za kabichi na za sukuma wiki. Basi wataalamu humkuza maabarani, hutazama anakula nini, halafu husoma urithi wake na kuulinganisha na wa jamaa zake. Ukitofautiana vya kutosha, anapewa jina jipya.

Na jina linamsaidia nini mfugaji? Sikilizeni. Kuna bakteria mmoja kutoka Japani aliyetumika miaka mingi katika lishe ya nguruwe, kuku na ng'ombe. Alihesabiwa kuwa Bacillus cereus, ambaye jamaa zake wengine huwatapisha watu waliokula wali uliolala. Mwaka 2013 wanasayansi walisoma urithi wake, wakaona ni wa pekee, wakamwita Bacillus toyonensis. Lakini jina jipya halikumtakasa. Mwaka huo huo Umoja wa Ulaya ulisimamisha matumizi yake katika lishe, kwa sababu alibeba urithi wa kushinda dawa za antibiotiki. Bakteria huweza kupeana urithi wa namna hiyo. Leo uko tumboni mwa kuku. Kesho uko kwa kiini kinachomwuguza mtoto, na dawa ya hospitali inashindwa.

Basi tufanye hivi:

1. Tutafute kwenye paketi jina kamili la bakteria, pamoja na herufi na nambari za aina yake. "Bakteria wazuri" peke yake haitoshi.

2. Tutazame idadi ya walio hai, tarehe ya mwisho na jinsi ya kuhifadhi. Wengi hufa wakiachwa juani, na bakteria aliyekufa si yule tuliyemlipia.

3. Tumwonyeshe afisa wa mifugo paketi hiyo kabla ya kununua nyingi.

4. Tujaribu kwa ng'ombe wachache kwanza, na kuandika maziwa yao daftarini asubuhi na jioni. Wengine waendelee na lishe ya kawaida, ndipo tulinganishe.

Tena tusisahau: hakuna unga unaoshibisha ng'ombe asiye na nyasi na maji.

Pesa za kikundi ni jasho la wengi. Tusome paketi kwanza, mkoba ufunguliwe baadaye.