Wanaokaa na Watoto Jioni Nao Wasomeshwe

Hotuba ya Katibu wa Kwaya, Sherehe ya Yubile, Kosele



Tumeombwa tuseme kwa Kiswahili ili ndugu zetu waliotoka upande wa Kisii na wageni wa mbali wasiachwe nyuma. Dholuo tutaongea wakati wa chakula. Historia ya kwaya mtaisoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, pamoja na majina ya waanzilishi, na picha ambazo baadhi yetu tungependa zisingechapishwa kwa sababu ya mitindo ya nywele. Sisi kamati tumepewa dakika chache, na tumeamua kuzitumia kwa jambo moja tu: wale wanaokaa na watoto wetu baada ya shule.

Mnajua tunachosema. Kuanzia saa kumi jioni, siku tatu kwa wiki, ua wa kanisa hili hujaa. Watoto wanakuja na sare zao za shule, wengine wamebeba wadogo wao mgongoni kwa sababu mama yuko soko la Oyugis au bado yuko shambani anachimba viazi. Walianza kuja kwa ajili ya nyimbo, na kwaya ya watoto mliyoisikia asubuhi ilizaliwa hapo. Lakini mtoto hawezi kuimba saa mbili mfululizo. Akichoka kuimba anatoa daftari la hesabu, anataka kusaidiwa. Akimaliza hesabu anataka mpira. Na mara nyingine, akiwa amekaa kando na mwanakwaya anayemwamini, anasema neno moja kuhusu mambo ya nyumbani, na mwanakwaya yule halali usiku huo. Hakuna kikao kilichopanga hivyo, lakini waimbaji wetu wa tena na besi, na akina dada wa soprano na alto, wamekuwa walezi na washauri wa watoto wa kijiji kizima.

Tuseme wazi kwamba hii si tuisheni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na sisi tulio walimu katika kwaya hii hatutaki kuyaingiza hapa uani kwa mlango wa nyuma. Mtoto akishatoka darasani anahitaji kitu kingine: kucheza, kusikilizwa, kujifunza kushirikiana, kuwa na mtu mzima ambaye hamhesabii alama. Hiyo ni kazi, na ina ujuzi wake.

Mwalimu wa darasani ana njia yake. Anasomea chuo, anasajiliwa na TSC, na Septemba 2021 ulizinduliwa mpango wa kuendeleza walimu kitaaluma, uliokabidhiwa vyuo vikuu vya Kenyatta, Mount Kenya na Riara pamoja na taasisi ya KEMI. Tulio walimu tulinung'unika, maana tuliambiwa tujilipie shilingi 6,000 kila mwaka, kwa moduli sita za miaka mitano mitano. Ukipiga hesabu hiyo ni miaka thelathini ya kusoma. Hatutafungua mjadala huo mbele ya mchungaji. Ila hata tunaponung'unika, tunanung'unikia kitu kilichopo. Kijana anayekaa na watoto arobaini hapa uani siku tatu kwa wiki hana hata cha kunung'unikia. Hakuna aliyewahi kumwita kwenye semina ya siku moja.

Tunajua jibu ambalo wengi wenu mnalo mdomoni: hao ni watu wema, wanampenda Mungu, na wanawapenda watoto. Ni kweli. Lakini turudi kwa yule mtoto aliyesema neno moja. Tuseme ni msichana wa miaka kumi na moja, na neno alilosema ni zito. Mtu mwema asiyefundishwa hufanya nini? Humwahidi kwamba hatamwambia mtu yeyote. Au humhoji maswali ishirini mpaka mtoto analia na kuyakana aliyosema. Au huenda moja kwa moja kwa baba wa mtoto, kumbe huko ndiko moto unakotoka. Yote matatu hufanywa kwa upendo, na yote matatu yanaweza kumwumiza mtoto mara ya pili.

Aliyefundishwa hufanya mambo machache tu. Anasikiliza bila kushtuka usoni. Hamwahidi siri asiyoweza kuitunza. Anamwambia mtoto kwa upole kwamba kuna mtu mmoja au wawili watakaohitaji kujua ili wamsaidie. Hamwulizi zaidi ya linalohitajika. Akiondoka anaandika maneno ya mtoto kama yalivyosemwa, na tarehe, kabla hajayasahau. Kisha anajua pa kuyapeleka: ofisa wa watoto wa kaunti ndogo, dawati la jinsia katika kituo cha polisi, au simu 116, ambayo ni namba ya bure ya kuwasaidia watoto nchini Kenya. Ibandikeni ukutani nyumbani. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu, na Katiba ya 2010 ilikuwa imeshasema hivyo katika kifungu cha 53. Sheria haituulizi kama tunalipwa. Mtoto akiwa mikononi mwetu, yuko mikononi mwetu.

Kuna upande wa pili, nao ni mkate wa vijana wenyewe. Mmoja wetu, ambaye hatutamtaja ingawa wengi mnamjua, amekaa na watoto hawa miaka saba. Shirika moja likatangaza kazi ya kusimamia watoto baada ya shule, kazi ile ile anayoifanya hapa bure. Akapeleka barua. Akaulizwa cheti. Hakuwa nacho, na kazi ikapewa mtu aliyekuwa na cheti, ambaye huenda hajawahi kutenganisha watoto wawili wanaogombania mpira. Hatumlaumu aliyepata. Lakini miaka saba haikuhesabiwa kuwa kitu, na hilo lilituuma.

Kwa hiyo kamati ikaenda kutafuta milango iko wapi. Ipo, na si yote ya mbali.

Walio karibu kabisa ni majirani zetu Waadventista, ambao misheni yao ya Gendia, pale karibu na Kendu Bay, ilianza mwaka 1906. Wana vyama vya Pathfinder kwa watoto, na kiongozi hapewi watoto hivi hivi. Kuna mafunzo ya Master Guide ambayo anapaswa kuyapitia. Tumewaonea wivu mzuri. Skauti nao, walioanza nchini Kenya mwaka 1910, wana mafunzo ya viongozi yanayoitwa Wood Badge. Kozi ya kwanza ilifanyika Gilwell Park karibu na London mwaka 1919, na anayemaliza huvishwa shanga mbili za mti shingoni. Shanga za mwanzo Baden-Powell alizitoa katika mkufu aliotoka nao nchi ya Wazulu, kwa hiyo hata huko Gilwell walivaa kitu cha Afrika. Mzee huyo amezikwa Nyeri, kama mnavyojua. Tunalotaka mlione hapa ni hili: kwa zaidi ya miaka mia moja sasa, kuna watu wa kujitolea wanaochukulia kwamba kukaa na watoto ni jambo la kujifunza.

Mpango wa President's Award, ulioanza Kenya mwaka 1966, nao huhitaji watu wazima waliofundishwa kuwaongoza vijana katika hatua za shaba, fedha na dhahabu. Shirika la Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza, na hilo tungependa kila anayesimama uani alipate kabla ya jingine lolote. Mtoto akipaliwa na mhindi wa nyoyo, hakuna muda wa kutafuta bodaboda ya kwenda hospitali.

Kwa anayetaka kusoma zaidi, vyuo vya ufundi na anuwai vina kozi za kazi ya jamii na maendeleo ya jamii, kwa ngazi ya cheti na diploma. Chuo cha Mawego kiko ndani ya kaunti yetu; nendeni mkaulize wana nini muhula huu. HELB hukopesha wanafunzi wa vyuo hivi, si wa vyuo vikuu peke yake, na bursari ya NG-CDF inaweza kuombwa pia. Vijana wengi huacha kuomba kwa sababu wanadhani ni ya watu wa digrii.

Halafu kuna mlango uliotufurahisha kuliko yote. Kenya ina mamlaka ya kitaifa ya sifa za elimu, KNQA, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2014. Chini yake kuna utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini bila kupita darasani: unapimwa kwa unachokijua na kukifanya, kisha unapewa cheti. Mlango huu umezoeleka zaidi kwa mafundi, waashi na washonaji na makanika, na hatutawadanganya kwamba mlezi wa watoto ataingia kesho asubuhi. Lakini yule mwenzetu wa miaka saba anapaswa kuanza kuweka kumbukumbu sasa: tarehe, idadi ya watoto, walichofanya, barua ya kanisa. Daftari hilo litakuja kumsemea.

Na tusidhani ni Kosele tu inayohangaika na jambo hili. Jumuiya ya Madola ilianzisha mpango wake wa vijana mwaka 1973, na kituo cha Afrika kikawa Lusaka, Zambia. Kutoka mpango huo ikatoka diploma ya kazi ya maendeleo ya vijana, iliyosomwa na watu wengi wakiwa kazini. Kituo cha Lusaka kilifungwa, lakini hoja haikufa: kwamba kazi ya vijana ni taaluma kama uuguzi na ualimu. Malta, kisiwa kidogo cha Jumuiya hiyo hiyo, ilitunga sheria ya kuitambua mwaka 2014. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo. Tuna ua, watoto, na kwaya.

Sasa tufike kwenye pesa, maana tunaona baadhi yenu mmeanza kuangalia saa.

Katika kikao cha maandalizi kulikuwa na mapendekezo matatu juu ya makusanyo ya leo: majoho mapya, kinanda kipya, na mafunzo. Mjadala ulikuwa mrefu na haukuwa wa upole wakati wote. Akina mama wa alto walisema kweli kwamba majoho haya yamepauka, na anayekaa mstari wa mbele ndiye anayejua aibu yake. Kinanda nacho kina vitufe vinne visivyolia. Mpiga kinanda wetu amejifunza kuvikwepa kama dereva anavyokwepa mashimo. Mwishowe tulikubaliana hivi: nusu ya makusanyo iende kwenye kinanda, robo iwe akiba, na robo iwasomeshe wanakwaya wanaokaa na watoto. Majoho yatangoja mwaka mwingine. Kwa maoni yetu mtoto hajawahi kurudi nyumbani akilia kwa sababu joho la mwimbaji limepauka.

Mzee mmoja alituuliza: je, mkiwasomesha si wataondoka? Watakwenda Kisumu, watakwenda Nairobi. Ndiyo, Baba, wengine wataondoka. Hata sasa wanaondoka, na wanaondoka mikono mitupu. Tumekubaliana kuandikiana: atakayesomeshwa kwa fedha za kwaya atakaa na watoto miaka miwili baada ya mafunzo, na katika miaka hiyo awafundishe wenzake wawili kile alichopata. Akienda baada ya hapo tutamwimbia na kumwombea.

Tutaanza na wanne, wawili wa kike na wawili wa kiume. Wataanza na huduma ya kwanza na ulinzi wa mtoto, wote wanne, kisha kila mmoja atachagua njia yake. Kabla ya hapo kila mmoja ataleta cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi, kile kinachoombwa kupitia eCitizen. Asione mtu kwamba anashukiwa. Mwenyekiti na katibu wameshaomba vya kwao.

Wazazi, kwenu tuna ombi dogo. Mtoto wako akichelewa kurudi jioni, usimtume mtu kumwita kwa kelele getini. Njoo mwenyewe, uingie, ukae dakika kumi, uwajue wanaokaa naye kwa majina. Kuna uji.

Meza ya katibu itakuwa chini ya mwembe mara tu baada ya chakula. Anayetaka kuandikishwa kwa nafasi zile nne aje na nakala ya kitambulisho na barua fupi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, Kiswahili, Kiingereza au Dholuo, akieleza amekuwa na watoto kwa muda gani na anataka kujifunza nini. Anayetaka kuchangia robo ile, bahasha za kijani ndizo zake. Za manjano ni za kinanda, msizichanganye. Sasa tunawakaribisha watoto wa jioni waje mbele, na tafadhali walio kwenye viti vya mstari wa kwanza wawapishe.