Mgomba wa Bokoboko: Chakula cha Akiba Nyuma ya Nyumba
(Mada iliyotolewa kwa vikundi vya akina mama na vijana, Misigiri, Iramba)



Sote tunajua hali ya Singida. Mvua ni za msimu mmoja, na mgomba unapenda maji, wastani wa milimita 25 kwa wiki. Ndiyo maana hatuwaambii mlime shamba zima la migomba. Tunasema migomba mitatu au minne karibu na bafu na mahali pa kuoshea vyombo, ili maji tunayoyamwaga yazae chakula.

Tunapendekeza bokoboko, ndizi nene yenye pembe, kwa kuwa inavumilia ukame kuliko ndizi nyingi. Chimba shimo la sentimita 90 kila upande, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, panda chipukizi, kisha tandaza nyasi kavu. Kati ya mgomba na mgomba acha mita 3. Katika kila shina bakiza watatu tu: mama, binti na mjukuu.

Bokoboko mbichi hupikwa kwa maharage, kwa nyama au kwa karanga, na mafuta yetu ya alizeti. Huchomwa pia. Ikikaushwa na kusagwa, hutoa unga wa uji.

Lakini tuwe waangalifu. Bokoboko huvumilia jua, ila hushikwa upesi na mnyauko bakteria, ugonjwa ulioonekana Uganda mwaka 2001 na Kagera mwaka 2006. Barabara yetu hupitisha malori yanayotoka huko. Chipukizi la bure kutoka kwenye lori linaweza kuua migomba ya kijiji kizima, na dawa ya kuutibu haipo. Tuchukue mbegu kwa jirani ambaye migomba yake tumeiona kuwa mizima, au tumwone kwanza bwana shamba.

Ndizi zikishatoka zote, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, maana wadudu hubeba ugonjwa kupitia hapo. Panga la kuazima lipitishwe motoni kwanza. Ukiona majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zina madoa ya kahawia, usifiche kwa aibu. Toa taarifa, tung'oe na kufukia pamoja.

Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Kulima tumezoea, sasa tujifunze kutunza, hata kwa ajili ya mgomba wa jirani.