Ukiulizwa "Wewe ni nani?"

Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa familia mpya, Louisville

 

Mimi kazi yangu ni masoko: natafuta wateja na kuwaeleza kwa nini bidhaa fulani itawafaa. Jioni naandika juu ya muziki ninaoupenda, hasa rumba. Leo nasema hivyo bila kutetemeka. Zamani sikuweza.

Kwenye mahojiano yangu ya kwanza ya kazi hapa, msimamizi aliniambia, "Nieleze juu yako." Nikaanza na vita. Nikafika kambini Nyarugusu, kwenye mgao wa chakula na miaka ya kungoja. Alinisikiliza kwa huruma, akanishukuru, akanifungulia mlango. Kazi sikupata. Usiku mke wangu akaniuliza, "Ulimwambia uliuza vitenge miaka tisa?" Nikanyamaza. Sikuwa nimesema hata neno moja.

Historia yetu si aibu. Lakini mwajiri anataka kujua mikono yako inaweza nini. Ukimbizi ni jambo lililokupata. Si jina lako.

Mkumbukeni Remmy Ongala. Alizaliwa Kongo mwaka 1947, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga muziki na Orchestra Makassy. Alikuwa mgeni kama sisi. Watu walimjua kwa gitaa lake na kwa nyimbo za Kiswahili kuhusu maisha ya wanyonge. Alifariki mwaka 2010, lakini kule Sinza kuna mahali panaitwa "Kwa Remmy". Mgeni akawa anwani ya wenyeji!

Basi leo usiku, mkimaliza kula, kila mtu aseme mambo matatu: jina lake, kazi anayoijua na miaka aliyoifanya, na kitu kimoja anachokipenda. Kama hukuwahi kuajiriwa, usiseme "sikufanya kitu". Mama aliyetunza pesa za likelemba ya wanawake ishirini anajua hesabu, tena anaaminika. Aliyeshona nguo sokoni ni fundi. Aliyefundisha kwaya anajua kuongoza watu. Kisha watoto wawasaidie kuyasema kwa Kiingereza, hata mara kumi, hadi ulimi uzoee.

Ukiulizwa kama una ruhusa ya kufanya kazi, jibu "ndiyo". Mkimbizi aliyepokelewa Marekani anaruhusiwa kufanya kazi tangu siku ya kufika. Habari za vita si lazima uzieleze.

Na kile unachokipenda usikifiche. Katika mahojiano ya pili nilisema: nimeuza vitenge miaka tisa, najua kumsikiliza mteja, na napenda gitaa la Franco. Yule mama aliyenihoji akauliza, "Franco ni nani?" Tukaongea, tukacheka. Siku ile alimwona mfanyabiashara anayependa muziki, hakuona faili. Wiki iliyofuata nilianza kazi.

 Sasa mgeukie jirani yako, umwambie wewe ni nani. Usianze na kambi.