Askofu wa Mulungwishi

Juma hili nimeazimia kunena nanyi juu ya askofu, si yule wa Wakatoliki mumjuaye, bali wa Wamethodisti, ambaye cheo chake kilizaliwa kwa ugomvi.

Neno askofu limetujia kwa Waarabu, nao walilipata kwa Wayunani, ambao kwao maana yake ilikuwa msimamizi tu. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti na kasisi wa Kanisa la Uingereza, aliridhika na usimamizi huo. Marekani ilipokwisha kujitoa katika himaya ya Waingereza, wafuasi wake huko wakawa hawana makasisi wa kuwapa sakramenti, na askofu wa London hakukubali kuwawekea watu mikono; basi Wesley, ijapokuwa mwenyewe hakuwa askofu, mwaka 1784 akamwekea mikono Thomas Coke awe msimamizi wao, na Francis Asbury akafanyiwa vivyo hivyo kulekule Marekani. Haukupita muda wawili hao wakaitwa maaskofu. Mzee alighadhibika, na mwaka 1788 akamwandikia Asbury kwamba yeye heri aitwe ayari au mpumbavu kuliko kuitwa askofu. Ghadhabu haikufaa kitu, kwani kanisa lilikwisha kujiita Methodist Episcopal, yaani la kiaskofu, na kwa jina hilo likafika Katanga.

Aliyelileta ni mmisionari John Springer, ambaye mwaka 1907, pamoja na mkewe Helen na wapagazi, alivuka bara kutoka Rhodesia ya Kaskazini hata Angola, akipita nchi ya Walunda. Baadaye wakakaa Kambove, karibu na Likasi, kisha Mulungwishi, panapo leo chuo kikuu cha Wamethodisti. Mwaka 1936, umri ukiwa umeshapita miaka 60, akachaguliwa askofu wa misheni, na amri yake ilikuwa Afrika tu. Marekani, kwao alikozaliwa, hakuwa na parokia hata moja ya kuiongoza.

Sidhani Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, angemkubali. Huyo mwaka 1913 aliwashitaki maaskofu wenziwe wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, kwa kuwa katika mkutano wa Kikuyu walipatana na Wakristo wasio na maaskofu. Na kwake yeye askofu aliyetokana na mikono ya kasisi asingekuwa askofu kamwe.

Lakini Wamethodisti hawakudai mengi. Kwao askofu ni mchungaji kama wachungaji wengine, amepewa kazi, hakupandishwa daraja. Na kazi hiyo ni safari, na kupanga watu. Mwaka 1964 John Wesley Shungu akawa Mkongo wa kwanza kuchaguliwa askofu, akaitumikia kazi hiyo hata 1972. Na hata sasa, mkutano wa mwaka unapokaribia kwisha, askofu husimama na karatasi mkononi, akasoma jina la mchungaji na jina la mahali. Naye mchungaji, awe amezoea Likasi miaka mingi, na watoto wake wako shuleni, hurudi nyumbani jioni ile kumwambia mkewe wafunge mizigo.