Chiwara na Heshima ya Jembe

(Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo kwa walimu na watumishi wa Serikali.)



Katika majumba ya makumbusho ya Paris, New York na Chicago vimo vinyago vyembamba vya mti vyenye umbo la swala, pembe zimeelekea juu. Watazamaji huvisifu kwa uzuri wake. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haitoshi. Vinyago hivyo havikuchongwa ili vikae ndani ya kioo. Vilichongwa kumheshimu mkulima.

Wenyewe ni Wabamana wa Mali, wakulima wa mtama na uwele. Huviita Chiwara, jina lenye maana ya mnyama wa kulima. Masimulizi yao husema kwamba Chiwara, kiumbe nusu mtu nusu mnyama, ndiye aliyewafundisha wanadamu kilimo. Watu waliposhiba wakaanza kufuja nafaka; naye kwa masikitiko akajizika ardhini. Ndipo wakachonga sanamu yake, wasije wakasahau.

Vinyago hivyo huchezwa viwili viwili, dume na jike. Dume ana umbo la korongo. Jike ni choroa aliyebeba mtoto mgongoni. Vingine huchanganywa na muhanga, mnyama hodari wa kuchimba. Dume ni jua, jike ni ardhi, na nyuzi nyeusi zinazomfunika mchezaji ni maji. Kimoja kikikosekana, hakuna mavuno.

Kinyago hufungwa juu ya kofia ya kusukwa, na mchezaji huinama akishika fimbo mbili kama miguu ya mbele ya mnyama. Wachezaji walikuwa vijana wa chama cha kazi cha kijiji, waliolima kwa pamoja na kushindana kwa jembe. Wanawake waliimba kuwasifu wakulima hodari. Hapo sanaa na kazi havikutengana.

Mali ilitawaliwa na Ufaransa hadi mwaka 1960. Katika enzi hiyo, na hata baadaye, wafanyabiashara walivipeleka vinyago vingi Ulaya na Marekani. Mara nyingi dume alitenganishwa na jike, na nyimbo zikabaki nyuma. Huko Mali kwenyewe, Uislamu ulipoenea na vijana walipohamia mijini, vijiji vingi viliacha ngoma hiyo, na kwingine ikawa burudani ya sherehe.

Kudai urithi huo urudishwe Afrika ni jambo la haki. Lakini kinyago kinaweza kurudi na maana yake isirudi. Kijiji cha Wabamana kilimtunza mkulima bora kwa sifa mbele ya watu wote. Shule inayompa mtoto jembe kama adhabu humfundisha kinyume chake: kwamba kulima ni fedheha. Mtoto huyo akikua na kupewa ofisi, atamtazamaje mkulima atakayefika mlangoni pake? Jibu la swali hilo limo mikononi mwa walimu, na kila mtumishi hulitoa kila siku afunguapo mlango wake.