Kuwahifadhi Samaki wa Mito Wasipotelee Katika Mifereji ya Mashamba



Mada hii yahusu trauti wanaopotelea katika mifereji, na sisi wa Machakos, ambao mito yetu ina joto lisilomfaa samaki huyo, twaweza kudhani kuwa haituhusu. Lakini mto Thika, ambao huko juu Nyandarua una trauti, ndio huo huo unaolisha mfereji wa Yatta, uliochimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la mahabusu wa Mau Mau, na unaotuletea maji kwa masafa ya kilomita 60 hivi.

Trauti ni mgeni aliyeletwa mwaka 1905, mlowezi Ewart Grogan alipotia samaki wa Uskoti katika mto Gura. Akajengewa kituo cha kuzalishia huko Kiganjo mwaka 1948, akawekewa na sheria za leseni za kumlinda. Kambare na kuyu, wenyeji wa mto tangu azali, hawakupata wakili.

Madhara yenyewe hutokea hivi: samaki mchanga hufuata mkondo, na banio likivuta sehemu kubwa ya mto wakati wa kiangazi, humvuta naye pia, kisha maji yafungwapo ili mfereji usafishwe, hubaki topeni akafa, wala kizazi chake hakirejei mtoni.

Magharibi mwa Marekani, ambako trauti wa asili walipotea kwa njia hiyo, wakulima hutia wavu wa chuma mdomoni mwa mfereji. Hauwekwi kukingama mkondo, bali hulazwa mshazari, ili samaki ateleze ubavuni mwake hadi kwenye mchirizi wa kumrejesha mtoni. Kwa vifaranga, matundu hayazidi milimita 2.4, na mwendo wa maji kuukabili wavu hauzidi sentimita 12 kwa sekunde, kwa kuwa kifaranga hana nguvu ya kushindana na zaidi ya hayo.

Hata hivyo, kuuiga wavu huo bila tadbiri ni israfu. Thika wakati wa masika hubeba tope na majani mengi, na wavu usiofagiwa huziba, mkulima akakosa maji, akaung'oa kwa haki. Kwa hiyo kabla ya chuma yatakiwa ijara ya mlinzi wa banio, na amana hiyo yafaa iwe mikononi mwa jumuiya za watumiaji maji zinazotambuliwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2016.

Naiomba semina hii, basi, ipendekeze kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji kwamba kila kibali kipya cha kuchepua mto kiwe na sharti la wavu na mchirizi wa marejeo, na kwamba Yatta iwe ya kwanza kutengenezwa. Anayechukua maji ya mto ana wajibu wa kuwaacha samaki wake.