CHELEWA NA VIFUU: VIFAA VYA KUMFUNZIA MTOTO NYUMBANI



Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba mtoto asiyenunuliwa vitu vya dukani hana cha kuchezea. Dhana hiyo yafaa iondoke. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unatambua katika kifungu cha 31 kwamba kucheza ni haki ya mtoto. Haki hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji muda wetu.

Uzoefu tunao. Mpango wa skuli za maandalizi za madrasa, ulioanzia Mombasa mwaka 1986 na kuingia Zanzibar mwaka 1990, uliwafunza walimu kutengeneza vifaa kwa vitu vinavyopatikana mahali walipo. Nyumbani nako yawezekana.

Chukueni chelewa, mzikate kwa urefu mbalimbali na kuzisugua ncha. Mtoto azipange kutoka fupi hadi ndefu, kisha azifunge kumi kumi. Hapo ameanza kuyajua makumi kabla hajashika chaki. Vifuu viwili vya nazi, vikining'inizwa kwa kamba kwenye ncha mbili za kijiti, huwa mizani ya kupimia mchanga na kokoto. Kanga iliyochakaa ikatwe vipande viwili viwili, mtoto atafute pacha kwa kutazama rangi na maua.

Tahadhari ni wajibu. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe komwe, vifungo wala vizibo vya soda, kwani huvitia kinywani na vyaweza kumkaba roho. Makopo yenye makali, na chupa zilizowahi kutiwa dawa ya wadudu au mafuta ya taa, zisitumike hata zikioshwa.

Lililo kubwa zaidi ni mazungumzo. Chelewa peke yake haifundishi. Linalofundisha ni swali la mzazi: Zipo ngapi? Ipi imezidi? Umejuaje? Mtoto akichelewa kujibu asikaripiwe, asubiriwe. Wala kina baba tusiwaachie kazi hii kina mama na mabibi pekee. Robo saa baada ya kurudi kazini yatosha.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Nasi tuongeze kwamba mkunjo wenyewe uwe wa upole, na mtoto acheke anapojifunza.